Keki Nne Mbele ya Gari Letu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Usalama wa Barabara Kuu,
Jengo la ghorofa mbili lenye bendera, mkabala na kituo cha mafuta.

Kumb. Na.: Sina. Hii ni barua yangu ya kwanza kwa serikali.

YAH: MADEREVA WANAOTUGANDA NYUMA, WANAOTUCHOMEKEA MBELE, NA KEKI YA JUMAMOSI HII

Mheshimiwa,

Naomba upokee barua hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu.

Mimi ni binti wa kidato cha tatu na msaidizi wa mkutubi wa shule yetu. Napenda kusoma, kuongea kunanishinda, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kuja. Kusema kweli nilikuja. Jumatatu baada ya masomo nilifika mpaka dirisha namba mbili, karani wako akaniuliza, "Binti, nikusaidie nini?" Nikamjibu kwamba nilikuwa napita tu. Nikapita. Kwa hiyo naomba radhi kwa kutumia karatasi za daftari.

Mama yangu ni mwokaji wa keki za harusi. Kila Jumamosi tunapeleka keki moja kwenye ukumbi ulioko mji wa pili, kilomita thelathini na nane kwa barabara yako. Keki husafiri ikiwa imesimama, ghorofa tatu, juu ya ubao uliowekwa kwenye taulo bichi ili usiteleze, nyuma ya kigari chetu ambako viti viling'olewa zamani. Mimi hukaa sakafuni kando yake, nimegeukia kioo cha nyuma, mikono yote miwili kwenye ubao. Mama huendesha. Keki hatuifungi mkanda. Tulijaribu mara moja, na mkanda ukaingia ndani ya keki.

Mwezi uliopita lori dogo lilituchomekea ghafla karibu na mzani wa kupimia malori. Mama akakanyaga breki, na ghorofa ya juu ikashuka kuungana na ya kati. Bwana harusi wa sukari alivunjika. Kiwiliwili tulikipata palepale, kichwa nilikikuta jioni ndani ya kiatu changu. Bibi harusi wa sukari akasimama peke yake mbele ya wageni mia tatu, na shangazi mmoja wa upande wa mume akatoka nje kulia, akisema ile ni dalili.

Meneja wa ukumbi ni mama mpole anayeongea taratibu sana, kiasi kwamba hupati pa kujitetea. Alimwambia Mama: "Dada yangu, utamu hauna neno. Tatizo lako linaanzia barabarani. Nakupa Jumamosi tatu. Keki tatu zifike nzima kabla ya saa tano, na keki zote za ukumbi huu zitakuwa zako. Moja ikifika na kilema, tuagane kwa wema."

Mbili zimefika. Ya tatu ni Jumamosi hii. Mama hajasema kwamba ana wasiwasi, ila tangu juzi anaosha vyombo vilivyo safi.

Kwa sababu hiyo nimeona nisikae kimya. Nimekusanya malalamiko yangu kutoka kwenye daftari ninaloliandika barabarani, pale mkono mmoja unapopata nafuu ya kuachia ubao. Nimeyapanga kuanzia madogo.

1. Kuhusu nafasi iliyo mbele yetu.

Kitabu cha udereva kilichopo maktabani kwetu (hakina jalada, lakini kurasa zote zipo) kinamtaka dereva aache nafasi ya sekunde mbili kati yake na gari la mbele. Mama aliongeza sekunde mbili nyingine kwa ajili ya krimu. Jumla nne. Gari la mbele likifika kwenye nguzo, Mama hupaza sauti, "Nguzo!" Nami nahesabu: keki moja, keki mbili, keki tatu, keki nne. Nguzo ikipita dirishani kwangu kabla ya keki ya nne, nasema, "Mama, umekula keki," naye hupunguza mwendo. Nimepima kwa saa yangu ya mkononi. Kutamka "keki moja" kwa utulivu ni sekunde moja kamili.

Nafasi hii, Mheshimiwa, tunaitunza kwa taabu. Hatukuiokota. Lakini wenzetu wakiiona huichukulia kama kiti kitupu kwenye benchi. Wanatoka kushoto, wanachomeka, hata asante hawasemi. Basi Mama huondoa mguu, nami naanza upya keki moja. Kabla sijafika ya nne, mwingine huyu hapa. Jumamosi iliyopita waliingia kumi na saba. Zidisha kwa nne, ni keki sitini na nane zilizoliwa njiani na watu ambao hawakualikwa harusini. Nikaendelea na hesabu hiyo nyumbani: siku magari elfu tatu yakituchomekea, tutafika ukumbini wakati maharusi wameshaanza kununiana kwao.

2. Kuhusu nafasi iliyo nyuma yetu.

Haipo.

3. Kuhusu mtu ninayemwita Bwana Magodoro.

Jina lake silijui. Ana pikapu ya bluu iliyopakiwa magodoro mpaka inafanana na kitanda cha jitu, na kila Jumamosi, tukishapita mzani, huyo nyuma yetu. Nimekadiria umbali wake kuwa mita mbili. Namba ya gari lake ipo ukurasa wa kwanza wa daftari langu, nimeipigia mistari miwili. Hutuwashia taa. Huzima, huwasha tena. Kisha hutoa mkono dirishani akawa anafumba na kufumbua kiganja, kama mtu anayekamua ndimu. Ishara hiyo nimeitafuta kwenye vitabu vyote vya maktaba vinavyohusu mawasiliano na sikuipata. Mjomba wangu alisema ni tusi, ila la zamani.

4. Kuhusu adabu.

Hili linanigusa mimi binafsi. Nimekueleza kwamba nakaa nimetazama nyuma. Dereva akiwa mita mbili kutoka kwenye kioo, tunatazamana ana kwa ana kwa zaidi ya nusu saa. Bwana Magodoro ni mtu mzima wa umri wa babu mdogo. Je, kwa umbali huo, napaswa kumwamkia au sipaswi? Akiwa keki nne nyuma, angekuwa gari tu. Akiwa mita mbili, ni mzee aliye mbele yangu, na mimi ni mtoto niliyekaa chini bila kusalimia.

Mara moja nilijikaza, nikatamka "Shikamoo" kwa midomo. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Akatikisa kichwa kwamba hajasikia, akasogea karibu zaidi ili asikie. Mama akaona kwenye kioo, akapiga kelele, "Huyu mtu anataka kuingia humu ndani?" Tangu siku hiyo natazama keki.

5. Kuhusu kushtuka kwao.

Mama akishika breki, hushika kwa upole, kwa sababu ya krimu. Hata hivyo walio nyuma hushtuka kila mara kana kwamba hawakuonywa. Magurudumu yao yanalia, pua za magari zinainama, wanashika vichwa. Dereva makini huziona taa za breki za gari la mbele, nazo zetu zipo mbili, kulia na kushoto, nyekundu, kubwa. Nazifuta mwenyewe kila Ijumaa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mtu asiyeona taa zilizofutwa hivyo apelekwe kupimwa macho.

6. Kuhusu kujazana.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa na nimelifanyia uchunguzi. Kwa Jumamosi tano nimehesabu magari ya nyuma, na Mama akanieleza hali ya mbele. Matokeo ni ya kushangaza. Mbele yetu, ukiacha hao wanaochomekea na kutokomea, barabara huwa nyeupe mpaka macho yanapoishia. Nyuma yetu, wakati huohuo, magari thelathini na tisa. Jumamosi nyingine arobaini na mawili. Yanafuatana kama siafu, honi juu ya honi, na nafasi yote ile mbele hakuna anayeitumia!

Nimefikiria sababu. Ya kwanza ni kwamba watu wenye malezi mema huamka mapema, hivyo wako mbele, na wasio na malezi huja baadaye. Ya pili ni kwamba madereva wa siku hizi wanaogopa kusafiri peke yao, kama wanafunzi wa darasa letu ambao hawawezi kwenda kunawa mikono mpaka wawe sita. Sababu ya tatu aliitoa Mjomba, lakini haikuwa ya heshima.

7. Kuhusu Mjomba.

Nasikitika kukuarifu kwamba ugonjwa huu umeingia mpaka kwenye familia. Mjomba, ambaye ni kaka yake Mama, alisafiri nasi mara moja kwa sababu alikuwa anakwenda kunyolewa huko mji wa pili. Tulipofika kilomita ya kumi akasema, "Dada, hapa unaendesha gari au unasindikiza jeneza?"

Mama akamjibu, "Jeneza likitikisika nani atalalamika?"

"Basi angalau hamia kushoto watu wapite! Hii njia ya kulia ni ya wenye haraka."

"Kushoto kuna viraka arobaini na saba. Muulize mpwa wako."

Nikathibitisha kwamba ni arobaini na saba, na kwamba cha ishirini na tatu ni kibaya kuliko vyote. Na njia ya kulia, Mheshimiwa, ni laini kama sahani. Mama huishika hiyo tangu geti la kwetu mpaka geti la ukumbi, kwa mwendo wa hamsini, mwendo ambao krimu haiusikii kabisa. Mjomba akasema, "Profesa, nawe umeshapotezwa." Tulipofika akashuka, na kurudi nyumbani kwa usafiri mwingine. Mtu mzima, amesoma, lakini hakuweza kuvumilia hesabu ya keki nne. Kama yeye ameshindwa, wasio ndugu watawezaje?

Mheshimiwa, malalamiko bila mapendekezo ni manung'uniko, ndivyo anavyosema mkutubi wetu. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Nafasi iliyo mbele ya kila gari itambuliwe kuwa ya mwenye gari hilo, kama uwanja ulio mbele ya nyumba. Anayetaka kuingia abishe hodi kwa indiketa na asubiri kukaribishwa. Asipokaribishwa arudi kwao.

(b) Kama (a) ni ngumu, kila gari lifungwe ufito wa mita ishirini kwenye bampa la mbele, wenye kengele ndogo kwenye ncha. Kengele ikigusa gari la mwenzako, umefika karibu mno. Nimechora mfano nyuma ya ukurasa wa tatu. Najua kona zitasumbua. Kwenye kona ufito ukunjwe na abiria.

(c) Kama (b) ni ngumu pia, basi dawa ya kweli ni moja, nami nimeifikiria kwa wiki mbili. Kila dereva, kabla ya kupewa leseni, aendeshe mwezi mzima akiwa amebeba keki ya ghorofa tatu. Mtu aliyewahi kubeba keki hatamganda mwenzake nyuma maishani mwake. Hawezi. Mikono yenyewe itakataa. Keki ikaguliwe na askari wako kwenye mzani, asubuhi na jioni, na atakayekutwa na krimu kwenye dari arudie mwezi. Nimewaza pia juu ya madereva wa zamani, nao naona waanze upya, wakiwemo wa magari ya serikali, na kwa heshima zote, nawe.

Nimetambua kwamba kwa mpango huu zitahitajika keki nyingi sana. Mama yangu ni mwokaji, kama nilivyotaja. Sikuanza barua hii kwa nia hiyo. Nimefika hapo kwa mantiki tu.

(d) Kwa kuwa (c) haiwezi kukamilika kabla ya Jumamosi, naomba kwa siku hiyo moja barabara kuu ifungwe kuanzia saa nne kasorobo mpaka saa tano kamili, tupite sisi peke yetu. Hatuwezi kuondoka mapema zaidi kwa sababu krimu lazima ishike. Wengine wanaweza kusafiri Jumapili. Kama kufunga kabisa haiwezekani, basi pikapu ya bluu tu izuiwe pale mzani kwa mazungumzo marefu.

Naamini utaliona jambo hili kwa macho yangu. Mama yangu hajawahi kukwaruza gari la mtu. Hana makuu. Anataka keki moja ifike ikiwa na vichwa vyote viwili, basi.

Naomba unifikishie salamu kwa karani wa dirisha namba mbili, umwambie yule aliyekuwa anapita tu ndiye mimi. Msalimie mlinzi wa getini aliyeniuliza mara mbili kama nimepotea, askari wa mzani, na wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, hasa yeyote kati yao anayekaa kiti cha nyuma.

Wako, kwa umbali unaostahili,

Mshika Ubao,
Kidato cha Tatu, Msaidizi wa Mkutubi.

Nyongeza, iliyoandikwa Jumapili:

Mheshimiwa, barua hii nilipaswa kuileta Alhamisi. Nilifika getini, mlinzi akaniuliza kwa mara ya tatu kama nimepotea, nikasema ndiyo. Akanielekeza kituo cha basi, na ikabidi nipande. Kwa hiyo barua ilibaki ndani ya atlasi, na Jumamosi ikaja barabara ikiwa wazi kwa kila mtu.

Kwenye kilomita ya ishirini, saa nne na dakika kumi, gari letu lilitoa harufu ya mpira unaoungua, likakohoa na kuzima. Mkanda wa feni ulikatika. Mama alifanikiwa kulisogeza pembeni. Hakulia, ila alitoa kitambaa akaanza kufuta usukani.

Magari thelathini na tisa yalitupita, na mengine yalikuwa yanashangilia. Aliyesimama ni mmoja tu, na alisimama kwa sababu alikuwa mita mbili nyuma yetu na hakuwa na pa kwenda. Angekuwa keki nne nyuma, angetukwepa vizuri na kupita.

Bwana Magodoro alishuka akifumba na kufumbua kiganja. "Mama, miezi mingapi nakuonyesha? Taa zako za breki haziwaki! Zote mbili! Nakuwashia, nakupungia, binti yako ananitazama tu kama picha ya ukutani. Nimekukalia nyuma kila Jumamosi nikisema bora nimgonge mimi mwenye magodoro kuliko agongwe na lori."

Mama akanitazama. Nikasema taa nilikuwa nazifuta. Nikamwamkia yule mzee, kwa sauti safari hii, na akaitikia.

Tulihamishia keki kwenye pikapu, godoro moja chini ya ubao na mengine yakiizunguka pande zote. Mama alikataa kuiacha, akapanda nyuma nayo. Nami nikakaa mbele, kando ya dereva. Mheshimiwa, ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusafiri kwenye barabara yako nikitazama mbele.

Saa nne na dakika thelathini na tano tulikuta kigari cheupe kwenye njia ya kulia. Kilikuwa kinakwenda arobaini na tano. Nilihesabu nafasi iliyokuwa mbele yake, nikafika keki tisa, nikaacha kuhesabu.

Nikasema, "Mzee, msogelee kidogo."

Akasema, "Binti, si mama yako ana mambo ya sekunde nne?"

"Hizo ni za gari letu."

Akasogea. Nikasema, "Kidogo tena." Nikasema, "Mwashie taa." Aliwasha, na kile kigari hakikuhama, kwa maana kushoto, kama ujuavyo, kuna viraka. Nikanyoosha mkono wangu mwenyewe nikapiga honi. Mimi, ambaye kwenye dirisha lako nilishindwa kusema shida yangu! Paa la pikapu likagongwa kwa ngumi, nikadhani keki imeanguka. Ilikuwa sauti ya Mama: "Huyo naye kalala? Anatuchelewesha! Mpite!"

Hapo tulikuwa mita mbili. Nyuma ya kile kigari alikaa msichana wa rika langu, miwani usoni, ametazama kwetu. Alikuwa amekumbatia tangi la kioo lenye maji, na ndani yake samaki mmoja mwekundu alikuwa anapigwapigwa huku na huku. Msichana alimtazama Bwana Magodoro, akanitazama na mimi, na midomo yake ikatikisika. Najua midomo ile ilisema nini. Ilisema shikamoo. Kisha akaachia mkono mmoja kutoka kwenye tangi, akavuta daftari, akasoma namba ya gari letu, akaandika. Halafu akapiga mistari miwili.

Keki ilifika saa tano kasoro dakika sita, ikiwa nzima. Meneja aliizunguka mara mbili, akainama kuwatazama maharusi wa sukari shingoni, akamwambia Mama, "Dada yangu, naona umejifunza kuendesha." Mama akasema asante, kwa sababu hakukuwa na muda wa kueleza. Bwana Magodoro ametuachia godoro dogo la kuweka chini ya ubao, na Mama anasema Jumamosi ijayo, taa zikishatengenezwa, atapita kushoto.

Kwa hiyo naomba lalamiko la tatu na la tano yafutwe. La sita naomba ulisome upya, kisha ulifute nalo, na umpe Mjomba haki yake. Pendekezo (c) unaweza kuliacha, ila likianza, nianze mimi.

Na kama utapokea barua kutoka kwa msichana mwenye samaki, tafadhali mjibu haraka. Huenda ataondoka kwenye foleni ya dirisha namba mbili akisema anapita tu. Yote atakayoyaandika juu ya pikapu ya bluu ni kweli. Namba aliyoichukua ni sahihi, ninayo pia, ukurasa wa kwanza. Mwambie tu kwamba aliyepiga honi aliitikia marahaba, ila kioo kilikuwa kimefungwa.